Montana: Jaza Tangi Kabla Hujaondoka Mjini

Kabla hujauliza Montana kuna nini cha kutazama, uliza sheli inayofuata iko umbali gani. Jimbo hili la Marekani linalopakana na Kanada lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 380,000. Ukiigawa Tanzania mafungu matano ukachukua mawili, umepata Montana. Lakini watu waliohesabiwa humo katika sensa ya 2020 hawakufika milioni 1.1. Dar es Salaam peke yake ina watu karibu mara tano ya hao. Billings, mji mkubwa kuliko yote jimboni, una wakazi kama 120,000 tu.

Mtu aliyekulia kwetu amezoea kwamba penye barabara pana watu. Gari likizima hata katikati ya pori, haupiti muda kabla mtu hajajitokeza: mchungaji, dereva wa bodaboda, mama mwenye ndizi kichwani. Atakuuliza shida nini, atajua fundi yuko wapi, na maji ya kunywa utapata. Montana haiko hivyo. Watu wake ni wakarimu, na gari likipita kuna uwezekano mkubwa likasimama. Tatizo ni kwamba huenda lisipite. Ushauri wote ninaoutoa hapa unatokana na jambo hilo moja, uwe ni mzazi unayekwenda kumtembelea mwanao anayesoma Bozeman au Missoula, au unaishi Marekani tayari na unatafuta pa kupeleka familia likizo.

Nianze na gari, maana bila gari hujafika Montana, umefika uwanja wa ndege tu. Ndege zinatua Bozeman, Missoula, Billings, Kalispell, Great Falls na Helena, nyingi zikitokea Denver, Seattle, Salt Lake City au Minneapolis. Treni iko moja ya abiria, Empire Builder, inayotoka Chicago kwenda Seattle na Portland. Inapita kaskazini kabisa mwa jimbo, mara moja kwa siku kila upande, na inakushusha mlangoni mwa hifadhi ya Glacier. Ni safari nzuri kwa mwenye muda, ila haigusi Missoula, Bozeman wala Billings. Baada ya hapo ni usukani. Leseni ya Tanzania au Kenya imeandikwa kwa Kiingereza na kampuni nyingi za kukodisha magari huikubali, lakini beba pia ile ya kimataifa. Beba na kadi ya benki ya mkopo yenye jina lako, kwa sababu wanazuia fedha za dhamana juu yake. Dereva aliye chini ya miaka 25 hutozwa zaidi.

Wanaendesha kulia. Wengi wetu hulizoea hilo haraka mjini, kwa kuwa magari mengine yanakukumbusha. Hatari inakuja pale unapotoka sheli kuingia barabara isiyo na gari hata moja mbele wala nyuma, umechoka, na mkono unarudi wenyewe kwenye mazoea ya nyumbani. Mwambie anayekaa pembeni yako akutajie neno "kulia" kila mnapoanza upya. Usione aibu.

Barabara kuu zinaruhusu maili 80 kwa saa, yaani karibu kilomita 130. Barabara za njia mbili zinaruhusu maili 70 mchana na 65 usiku. Mwendo huo ni kikomo, hulazimiki kuufikia. Kandokando ya barabara hizo utaona misalaba midogo myeupe ya chuma juu ya nguzo nyekundu, mahali pengine mmoja, mahali pengine minne au mitano pamoja. Si makaburi. Chama cha maveterani wa vita kimekuwa kikiisimamisha tangu 1953, msalaba mmoja kwa kila aliyekufa kwa ajali mahali hapo. Ukiingia kona ukaona mitatu kwenye ukingo wake, barabara yenyewe imekwisha kukuambia upunguze mwendo. Saa mbaya zaidi ni magharibi na alfajiri, kulungu wanapovuka. Akivuka mmoja, subiri wa pili na wa tatu, maana ni nadra kuwa peke yake.

Kanuni zangu za njiani ni hizi. Tangi likifika nusu, jaza, hata kama bei ya sheli hiyo haikupendezi. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka hotelini, kwa kuwa mtandao unakatika mara tu unapoacha barabara kuu au kuingia bondeni. Mwachie mtu ratiba: unakwenda wapi, utafika saa ngapi, na asipokusikia hadi saa ngapi apige 911. Maji, chakula na blanketi vikae ndani ya gari hata Julai. Hali ya barabara unaipata kwa kupiga 511.

Sasa umbali. Kutoka Missoula hadi Billings ni kilomita 550 na zaidi, na hapo bado hujafika mpaka wa mashariki. Mgeni akiangalia ramani anaona hifadhi mbili kubwa, Glacier juu na Yellowstone chini, anajiambia atazimaliza zote kwa siku nne. Kati ya lango la magharibi la Glacier na mji wa Gardiner, ulio kwenye lango la kaskazini la Yellowstone, ni zaidi ya kilomita 600, karibu sawa na Dar es Salaam hadi Arusha. Ukifanya hivyo utakuwa umelipia ndege ya mbali ili ukatazame lami. Chagua pembe moja ya jimbo na uipe wiki nzima.

Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi ningemwelekeza kaskazini-magharibi: Missoula, ziwa Flathead, kisha Glacier. Kutoka Missoula hadi lango la magharibi la Glacier ni kilomita 220 hivi, na njia yenyewe ni sehemu ya ziara. Unapita katika ardhi ya mataifa ya Salish na Kootenai, ambako barabara namba 93 ilijengewa vivuko zaidi ya 40 vya wanyama, vingi vikiwa chini ya lami na kimoja kikiwa daraja pana lililopandwa nyasi juu ya magari. Hapo karibu kuna hifadhi ya baisani, yule ndugu wa mbali wa nyati wetu mwenye nundu na manyoya mazito. Serikali kuu iliianzisha mwaka 1908 katikati ya ardhi ya makabila hayo, na sheria iliyowarudishia ilipitishwa mwishoni mwa 2020. Mwisho wa Julai, kando ya ziwa Flathead, wakulima wanauza cheri kwenye vibanda vya barabarani. Ni mojawapo ya mahali pachache Montana ambapo utanunua tunda njiani kama unavyonunua machungwa Muheza.

Glacier ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1910. Kivutio chake kikuu ni barabara iitwayo Going-to-the-Sun, kilomita 80 zilizochongwa ubavuni mwa milima na kufunguliwa rasmi mwaka 1933. Inapanda hadi Logan Pass, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu wa Nairobi au Njombe kimo hicho hakitishi. Kinachotisha ni ukingo wa barabara, ambao mahali pengine ni ukuta mfupi wa mawe, kisha bonde. Katikati ya karne ya 19 eneo hili lilikuwa na barafuto zipatazo 150. Zilizobaki ni kama 25. Aliyeishi chini ya Kilimanjaro akaona Kibo ikipoteza weupe wake mwaka hadi mwaka hatashangaa, ila atahuzunika.

Barabara hiyo hufunguka yote mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa kuwa theluji ya kule juu huchukua miezi kuondolewa, na hufungwa tena Oktoba. Kwa hiyo tiketi ya Mei ya bei nafuu ina sababu ya kuwa nafuu. Agosti ina joto zuri lakini huja na moshi wa mioto ya misituni, siku nyingine mzito kiasi cha kuficha milima yote. Mwenye pumu ajipange. Mimi ningechagua wiki mbili za mwanzo wa Septemba: watu wamepungua, usiku una baridi, majani yanaanza kugeuka manjano. Vyumba vya ndani ya hifadhi huwekwa nafasi karibu mwaka mmoja kabla, na maegesho ya Logan Pass hujaa mapema asubuhi, hivyo uwe barabarani kabla jua halijapanda. Taratibu za kuingiza gari zimebadilika karibu kila mwaka tangu 2021. Soma tangazo la mwaka unaokwenda, usifuate la rafiki aliyekwenda zamani.

Kuna pia suala la kiingilio. Kuanzia Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye miaka 16 na zaidi anatozwa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 maarufu, zikiwemo Glacier na Yellowstone, isipokuwa awe na kadi ya mwaka, ambayo kwa wageni ni dola 250. Piga hesabu ya familia yako kabla hujafika getini.

Wale wanaolazimika kwenda majira ya baridi wanahitaji maneno yao. Tarehe 20 Januari 1954, huko Rogers Pass, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 56.7 chini ya sifuri, na rekodi hiyo haijavunjwa katika majimbo 48 ya bara, Alaska ikiwekwa kando. Kabla ya hapo, mwaka 1916, mji wa Browning ulikuwa na karibu nyuzi 7 juu ya sifuri, na ndani ya saa 24 ukafika 49 chini yake. Siku za kawaida si kali hivyo, lakini mfano wa Browning unafundisha kutoamini asubuhi yenye jua. Ukikwama kwenye theluji, baki ndani ya gari. Washa injini kwa vipindi, hakikisha bomba la moshi halijazibwa na theluji, na usianze kutembea kutafuta msaada. Nguo usizinunue nyumbani kwa bei ya kulanguliwa. Kila mji wa kule una duka la mitumba, na koti la baridi lililotengenezwa kwa ajili ya baridi hiyohiyo utalipata kwa dola chache. Ongeza soksi za sufu, glavu, kofia ya kufunika masikio na viatu vyenye soli ya kushika barafu.

Jambo jingine linalowachanganya watu wa ikweta ni mwanga. Mwishoni mwa Juni jua la Missoula huzama saa tatu na nusu usiku. Desemba linazama kabla ya saa kumi na moja jioni. Mwislamu anayekwenda Juni ajue kwamba Magharibi itaingia saa ambayo kwao watoto wamekwisha lala, na Isha itamkuta karibu na usiku wa manane. Na kuhusu simu za nyumbani: majira ya joto Montana iko nyuma yetu kwa saa 9, majira ya baridi saa 10. Saa tatu usiku ya Nairobi ni saa sita mchana ya Missoula mwezi Julai.

Nimesema jimbo ni tupu. Nisipoeleza utupu huo ulitoka wapi nitakuwa nimekudanganya, kwa sababu nchi hii haikuumbwa hivyo. Tambarare za mashariki zilikuwa na baisani kwa mamilioni, na kwa kuitegemea mifugo hiyo ya Mungu waliishi Blackfeet, Crow, Assiniboine, Cheyenne wa Kaskazini na mataifa mengine. Wawindaji wa ngozi waliwamaliza wanyama hao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, na majira ya baridi ya 1883 hadi 1884 mamia ya Blackfeet walikufa kwa njaa katika ardhi yao wenyewe. Upande wa mashariki wa Glacier ulikuwa wao pia, hadi makubaliano ya 1895 ambapo serikali iliuchukua kwa dola milioni 1.5. Msomaji anayejua jinsi Wamaasai walivyoondolewa Serengeti mwaka 1959 hahitaji maelezo marefu. Kisha wakaletwa walowezi wa Kizungu, wakiahidiwa shamba la bure chini ya sheria ya 1909. Ukame ulioanza 1917 ukawavunja. Katika miaka ya 1920 Montana lilikuwa jimbo pekee la Marekani lililopungukiwa na watu. Nyumba za mbao zilizoinama peke yao katikati ya mashamba ya ngano ni zao.

Ndiyo maana nakuomba usipite kwenye ardhi za wenyeji wa asili kama mtu anayekatiza pori. Zipo saba zilizotengewa makabila, zenye serikali, polisi na sheria zake. Kuvua samaki au kutembea porini ndani yake mara nyingi kunahitaji kibali cha kabila, mbali na leseni ya jimbo. Julai kuna mkusanyiko mkubwa wa ngoma huko Browning, na Agosti watu wa Crow wanafanya wao, wakisimamisha mahema yao ya asili kwa mamia kando ya mto. Wageni wanakaribishwa. Simama wanaposimama, muulize mchezaji kabla hujampiga picha, na mtangazaji akisema kamera zishushwe, shusha. Hapohapo karibu ndipo palipopiganwa vita vya Little Bighorn, Juni 1876, ambapo Lakota, Cheyenne na Arapaho walikiangamiza kikosi cha jeshi la Marekani kilichoongozwa na Custer. Mnara wa askari ulisimama tangu karne ya 19. Wa wapiganaji wenyeji ulikuja zaidi ya miaka mia baadaye. Tembelea yote miwili.

Mtu mweusi ataangaliwa. Weusi hawafiki asilimia moja ya wakazi, na katika mji wa watu 800 mgeni yeyote huangaliwa, sembuse wewe. Mara nyingi ni udadisi tu, na salamu ya kwanza huumaliza. Barabara za mashambani madereva huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani wanapopishana, nawe inua chako. Wengi wana silaha na sheria inawaruhusu, kwa hiyo heshimu mipaka. Nguzo ya uzio iliyopakwa rangi ya chungwa kali maana yake ni marufuku kuingia, hata kama hakuna maandishi. Lakini mito ni ya wote: kwa sheria ya 1985, ukiingilia mahali pa halali unaweza kufuata mto hadi ndani ya shamba la mtu, mradi usivuke alama ya maji ya juu.

Na usidhani wewe ni mweusi wa kwanza kupita hapo. York, mtumwa wa William Clark, alivuka nchi hii mwaka 1805 na msafara wa uchunguzi wa Lewis na Clark. Mwaka 1895 Mary Fields, aliyezaliwa utumwani, alipata mkataba wa kupeleka barua kwa gari la farasi kutoka mji wa Cascade, akiwa amepita miaka 60. Na mwaka 1897 askari 20 weusi wa kikosi cha 25 walitoka Fort Missoula kwa baiskeli hadi St. Louis, karibu kilomita 3,000 za matope, mchanga na milima, kwa siku 41. Fort Missoula sasa ina makumbusho, na habari zao zimo.

Wanyama nitasema kwa ufupi, maana anayetoka nchi ya tembo ana adabu ya porini tayari, isipokuwa mara nyingi ameipata akiwa ndani ya gari. Montana utatembea kwa miguu. Kwa dubu na mbwa mwitu kaa mbali mita 91, kwa wengine mita 23. Baisani anaonekana mpole kama ng'ombe, ila ndiye aliyejeruhi watu wengi kuliko mnyama yeyote Yellowstone. Tembeeni kikundi, pigeni kelele, chakula kisilale ndani ya hema. Kila mtu mzima abebe kopo la dawa ya pilipili ya kumpulizia dubu, kiunoni, si ndani ya begi.

Fedha: jimbo halina kodi ya mauzo ya jumla, hivyo bei unayoiona dukani mara nyingi ndiyo unayolipa. Hotelini kuna kodi ya malazi, na mhudumu wa mgahawa anategemea bakshishi ya asilimia 15 hadi 20. Bima ya afya ya safari usiiache. Hospitali ni ghali, na ukivunjika mguu mlimani huenda ukabebwa kwa helikopta, bili ikaja baadaye. Masharti ya viza kwa raia wa nchi zetu yamebadilika mara kadhaa karibuni, kwa hiyo uliza ubalozi kwanza, kisha ndiyo ulipie tiketi.

Missoula inafaa kuwa kituo chako cha kuanzia. Mabasi yake ya mjini hayatozi nauli. Tangu 2016 mji huu umepokea wakimbizi kutoka Kongo, kwa hiyo usishangae kusikia Kiswahili kwenye foleni ya duka, na ukikisikia, salimia. Hao ndio watakaokuambia unga wa ugali unapatikana wapi. Nyama halali ni ya kutafuta kwa juhudi katika jimbo zima, kwa hiyo weka akiba ya dengu na samaki. Chochote cha kula unachokuja nacho kutoka nyumbani kitangaze forodhani.

Kopo la dawa ya dubu usilisahau siku ya kuondoka. Haliruhusiwi ndani ya ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Liache hotelini, mgeni anayekuja baada yako atalihitaji.